Yamebaki Makopo Kumi Tu: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Ofa za Muda

Tangu Ramadhani iishe, barua nyingi tulizopokea kutoka Tanga zimegusa jambo moja, nalo ni ofa za muda mfupi na bidhaa zinazotangazwa kuwa zinakaribia kwisha. Tumechagua nne. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu, kwa sababu imebeba shida ambayo wauzaji wadogo wengi wanayo bila kuitambua.

SWALI: Ninaoka vileja nyumbani kwangu, Ngamiani. Mwaka jana binti yangu alinifundisha kuweka tangazo kwenye WhatsApp kila asubuhi: “Yamebaki makopo kumi tu, wahi.” Miezi miwili ya kwanza niliuza sana. Sasa wateja wanasoma na kukaa kimya, na juma lililopita jirani aliniambia mbele ya watu kwamba makopo yangu kumi hayaishi mwaka mzima. Unga wa mchele ni uleule, samli ni ileile, iliki ninaitwanga mwenyewe. Nimesikia kwamba kampuni kubwa za nje huuza kwa njia hiyohiyo na kupata faida. Nimekosea wapi?
— Mama wa vileja, Ngamiani

JIBU: Shikamoo, mama. Nianze na kile kilichokufanya uuze miezi ile miwili, maana haikuwa bahati. Mwaka 1975, nchini Marekani, mwanasaikolojia Stephen Worchel na wenzake wawili waliwapa watu biskuti za kuonja kutoka kwenye chupa. Baadhi walikuta chupa ina biskuti kumi, wengine wakakuta mbili. Biskuti zilikuwa za aina moja, lakini waliokuta mbili walizitamani zaidi na kuziona za thamani kubwa zaidi. Hamu ilikuwa kubwa kuliko zote kwa wale ambao chupa ya kumi iliondolewa mbele ya macho yao ikaletwa ya mbili, wakaelezwa kwamba nyingine zimechukuliwa kwa kuwa watu wengi wamezihitaji. Katika matokeo hayo kuna jambo ambalo wengi wanaofundisha biashara hulipita haraka: watu wale hawakusema kwamba biskuti zilizokuwa chache zilikuwa tamu zaidi. Uadimu uliongeza hamu, utamu ukabaki palepale.

Kwa hiyo tangazo lako lilimleta mteja hadi mlangoni, na kilichomrudisha mara ya pili kilikuwa samli na iliki yako. Lakini hamu ya namna hiyo husimama juu ya imani. Chupa iliyosemwa kuwa na biskuti mbili ilikuwa na mbili kweli, na aliyeiona aliweza kuzihesabu. Makopo yako yalikuwa kumi Jumatatu, kumi Jumanne, na Ijumaa jioni mtoto wa jirani alipotumwa bado aliyapata. Ngamiani si mahali ambapo wateja hawaonani. Barabara zetu zinakwenda kwa namba, na neno lililosemwa barabara ya nane asubuhi huwa limefika barabara ya kumi na tano kabla ya adhuhuri. Wateja wako walilinganisha hesabu zao, kila mmoja akakuta ameambiwa kumi, na tangu siku hiyo neno “yamebaki” halina uzito tena likitoka kwako. Nasikitika kukuandikia hivi, kwa sababu najua hukukusudia kumdhulumu mtu.

Ukitaka kuona uadimu ambao hakuna anayeutilia shaka, teremka Deep Sea, pale vyombo vya dagaa vinaposhusha. Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa. Mwanga huwakusanya dagaa karibu na chombo, kisha huzungushiwa wavu. Taa hiyo ina nguvu kwenye giza tu. Mwezi unapokaribia kuwa mpevu, bahari yote huwa nyeupe, dagaa hawaifuati taa, na vyombo hupumzika siku kadhaa. Nilisimama pale asubuhi moja, siku ya mwisho kabla ya mapumziko hayo. Mama mmoja mchuuzi aliingiza mkono ndooni, akatoa dagaa wa kujaza kiganja, akawatazama, akawanusa, akawarudisha, kisha akasema bila kupaza sauti: “Kesho hakuna, mpaka giza.” Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Wanunuzi watatu walitoa fedha kwa wakati mmoja, kwa kuwa kila mmoja wao alikuwa ameuona mwezi usiku uliopita.

Mchuuzi yule hakuhitaji kuandika “wahi”. Sababu ya kukosekana kwa dagaa ilikuwa juu ya vichwa vya wote, na ndiyo maana neno lake lilitosha. Huo ndio uadimu ninaotaka uutumie, mama: ule ambao mteja anaweza kuuhakikisha kwa macho yake.

Upo mfano mwingine wa baharini ambao naupenda zaidi. Mwaka 2004, wavuvi wa kijiji cha Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, walikubaliana kufunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi kadhaa, asivue pweza mtu yeyote. Pweza hukua upesi mno, na walipoufungua mwamba walipata wakubwa kuliko waliowazoea. Utaratibu huo umeenea hadi katika baadhi ya vijiji vya pwani ya Tanzania, na siku ya kufungua mwamba huwa ni siku kubwa kwa wavuvi na kwa wanunuzi. Muda ule wa kukosa haukuwa wa kumtamanisha mtu tu. Pweza alikuwa ananenepa. Hilo nalichukulia kuwa kipimo kizuri kuliko vyote kwa muuzaji anayetaka kuiondoa bidhaa yake sokoni kwa muda: wakati haipo, nini kinanenepa? Je, unatafuta iliki bora kutoka Amani, unajaribu kipimo kipya cha sukari, unakusanya oda? Kama hakuna kinachonenepa, mteja atakaporudi atakuta kilekile, na safari ijayo hatakusubiri.

Sasa kuhusu kampuni kubwa ulizosikia. McDonald's walianza kuuza mkate wa McRib, wenye nyama ya nguruwe, mwaka 1981, wakauondoa mwaka 1985, na tangu wakati huo umekuwa ukirudi na kuondoka. Mwaka 2005 walitangaza ziara ya kuuaga. Mwaka uliofuata ukarudi, ukaagwa tena. Starbucks nao, tangu mwaka 2003, huuza kahawa ya maziwa yenye mdalasini, tangawizi, kungumanga na karafuu inapokaribia na kuingia kipupwe cha kwao, wakati wa mavuno ya maboga, kisha huiondoa. Mimi naiona njia ya pili kuwa bora zaidi kuliko ya kwanza. Majira huja yenyewe, kila mtu huyaona, na kinywaji kimefungwa kwenye majira hayo kama dagaa walivyofungwa kwenye giza. Mchezo wa kuaga na kurudi, kampuni yenye maelfu ya migahawa inaweza kuustahimili, maana mteja mmoja akichukia wapo wengine. Wewe una wateja labda sitini kwenye simu, na wengi wao mnazikana na kuozeshana. Usiifuate njia hiyo.

Nakushauri uanze kwa kuliacha neno “yamebaki” kwa mwezi mzima. Huna haja ya kuomba radhi kwa maelezo marefu. Tangaza idadi ya kweli uliyooka: “Leo nimeoka makopo ishirini na tano.” Yakiisha saa nne asubuhi, andika kwamba yameisha na ufunge, hata akija shangazi yako. Hapo ndipo pagumu. Utasimama mlangoni na mteja mwenye fedha mkononi, ukijua kwamba ukichochea mkaa unaweza kumtolea makopo mengine matano, na utamwambia hakuna mpaka kesho. Siku hiyo utapoteza mauzo ya makopo matano, na siku hiyohiyo wateja wataanza kukuamini upya, kwa sababu atakayerudi mikono mitupu atasimulia.

Baada ya hapo, vileja vya kawaida viwepo kila siku bila mbwembwe, halafu chagua aina moja tu iwe ya msimu. Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kubuni tarehe za uongo. Wazee walipotaka kusema kitu kimekuwa haba walisema kimeadimika kama wali wa daku, na mwaka wetu umejaa nyakati za namna hiyo: Shaabani, Ramadhani, Idi zote mbili, Maulidi, msimu wa machungwa ya Muheza, miezi ya matunda ya Lushoto. Mfano mmoja: vileja vilivyotiwa ganda la chungwa lililokunwa, vinavyouzwa Ijumaa na Jumamosi tu wakati machungwa ya Muheza yamejaa soko la Mgandini. Mteja anayapita machungwa sokoni akienda kununua samaki, anakumbuka vileja vyako kabla hujamtangazia. Machungwa yakiadimika, vileja hivyo navyo vinaondoka, na hakuna atakayekuuliza kwa nini.

Kwa aina hiyo ya msimu pokea oda siku mbili kabla, na kianzio cha nusu ya bei, ili ujue ununue samli kiasi gani. Andika kila oda, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Na vikianza kusifiwa, usipunguze samli ili upate makopo mengi zaidi kutoka kwenye unga uleule. Methali ya mgema na tembo unaijua, na kileja kilichopungukiwa samli hujulikana kabla hakijafika ulimini: kinakuwa kigumu kwenye vidole wakati kilipaswa kumong'onyoka.

SWALI: Nina duka dogo la viatu, vya mtumba na vipya, Makorora. Kila mwisho wa mwezi natoa punguzo la asilimia 20 kwa siku tatu. Siku hizo tatu duka linajaa. Siku nyingine zote watu wanaingia, wanajaribu kiatu, wanatembea nacho hatua mbili, wanakivua na kuuliza, “Kaka, ofa lini?” Nikiacha punguzo naogopa nitafunga duka. Nifanye nini?
— Kijana wa viatu, Makorora

JIBU: Ndugu yangu, wateja wako wamejifunza ulichowafundisha. Punguzo linalokuja tarehe ileile kila mwezi si ofa ya muda tena. Limekuwa bei yako halisi, na bei unayoiandika siku nyingine imekuwa adhabu kwa asiyejua tarehe.

Fanya hesabu hii kwenye karatasi. Tuseme kiatu unakinunua kwa shilingi 21,000 na kukiuza 30,000, hivyo unabaki na 9,000. Ukiondoa asilimia 20, unakiuza 24,000 na kubaki na 3,000. Ili upate faida ya jozi moja ya siku ya kawaida, inabidi uuze jozi tatu siku ya ofa. Duka kujaa ni jambo la kufurahisha macho, lakini kama hao waliojaa ni walewale ambao wangenunua tarehe 10, umewauzia kiatu kilekile na kuwarudishia theluthi mbili ya faida yako.

Hata hivyo, usiache ghafla. Mwaka 2012, mlolongo wa maduka ya Marekani uitwao JCPenney, chini ya mkurugenzi wake mpya Ron Johnson, uliondoa kwa mkupuo kuponi na mapunguzo ya kila mara, ukaweka bei za chini zisizobadilika. Nia ilikuwa njema, na bei hizo zilikuwa za haki kuliko za mwanzo. Lakini wateja waliokuwa wamezoea miaka mingi kuwinda punguzo walijiona wamenyang'anywa kitu, na mauzo ya mwaka huo yakashuka kwa asilimia 25. Johnson aliondolewa mwezi Aprili 2013. Mazoea uliyoyajenga kwa mwaka mzima yataondoka polepole. Mwezi ujao punguza ofa iwe ya siku moja, mwezi unaofuata isiwepo, kisha ije bila tarehe inayojulikana na kwa sababu inayoonekana: jozi za namba 38 zilizobaki mbili, viatu vya shule baada ya shule kufunguliwa, kiatu chenye doa ambalo wewe mwenyewe unamwonesha mteja.

Ninachokusihi zaidi ni ukitazame upya kile kilichomo dukani mwako. Katika mtumba unao uadimu wa kweli kuliko mfanyabiashara yeyote wa mjini, kwa sababu kila jozi ni moja peke yake. Hakuna ghala lenye nyingine ya rangi hiyo na namba hiyo. Basi geuza mpango wako: tangaza siku ya kufungua belo. Siku ya kwanza bei iko juu na uchaguzi ni mpana. Siku ya tatu bei inashuka na kilichobaki ni kile wengine walichokipita. Anayetaka bei ndogo atasubiri kwa hiari yake, huku akijua kwamba kiatu alichokipenda huenda kikaondoka na mguu wa mtu mwingine. Nimewaona vijana wawili wamesimama mbele ya belo linalofunguliwa, kisu kinakata kamba, nao wameinama kabla gunia halijaachia. Hakuna aliyekuwa anauliza ofa ni lini.

SWALI: Duka moja la vifaa vya umeme hapa mjini limebandika karatasi iliyoandikwa “OFA INAISHA LEO” kwa zaidi ya miezi mitatu. Mimi nilinunua feni kwa haraka nikiogopa kuchelewa, na baada ya juma moja nikapita nikaikuta bei ileile na karatasi ileile. Sheria inasemaje?
— Mnunuzi, Chumbageni

JIBU: Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kuwapotosha au kuwadanganya wateja, na tangazo la uongo kuhusu bei linaangukia humo. Chombo kinachoisimamia ni Tume ya Ushindani, FCC, ambayo hupokea malalamiko ya walaji. Kabla ya kufika huko, ipige picha karatasi hiyo kwa siku mbili au tatu tofauti, tunza risiti yako, kisha zungumza na mwenye duka kwa utulivu. Wengine hubandika karatasi na kuisahau, na wengine huitoa mara tu wanapogundua kwamba kuna mteja anayehesabu siku.

Kwa upande wako kama mnunuzi, jua kwamba woga ulioupata ni wa kibinadamu. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza katika utafiti wao wa mwaka 1979 kwamba maumivu ya kupoteza kitu huwa makubwa kuliko furaha ya kupata kitu cha thamani hiyohiyo. Tangazo la “inaisha leo” hulibonyeza donda hilo: huioni tena feni, unaiona nafasi inayoponyoka. Safari nyingine muulize muuzaji swali moja la wazi, “Kesho bei itakuwa shilingi ngapi?” Mwenye ofa ya kweli atakutajia namba bila kusita.

SWALI: Nauza bidhaa za jumla na rejareja. Rafiki yangu ananishauri nifungie magunia ya sukari stoo miezi miwili kabla ya Ramadhani ijayo, nitoe machache machache ili watu waone imeadimika. Anasema ni mbinu ya soko kama nyingine. Ni kweli?
— Muuza duka, Tanga mjini

JIBU: Si kweli, na nakuomba usifanye hivyo. Mama wa vileja akisema hakuna mpaka kesho, mteja wake atakunywa chai na mkate na maisha yataendelea. Mama anayetengeneza uji wa watoto au futari ya watu wanane hana pa kukimbilia akikosa sukari. Kuificha bidhaa ambayo watu hawawezi kuiacha ili ipande bei ni kuhodhi, kitendo ambacho wanazuoni wa Kiislamu hukiita ihtikari na wamekikemea kwa maneno makali, na watu wa Tanga hawalisahau duka lililofanya hivyo. Sote tunakumbuka mwanzoni mwa mwaka 2024, sukari ilipoadimika nchini na bei ikapaa hadi Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi. Tunakumbuka vilevile ni maduka gani yaliyosema hakuna huku magunia yakionekana mlango wa nyuma ukifunguliwa.

Kama kweli mzigo utakuwa mdogo, tumia uchache huo kwa njia inayomlinda mnunuzi. Andika bei kwa chokaa kwenye ubao, uuweke nje ya duka tangu asubuhi. Wanunuzi wa jumla waambie mapema kila mmoja atachukua mifuko mingapi, na tenga mifuko miwili kila siku kwa wanaonunua kilo na nusu kilo, usiiguse hata akija mtu anayetaka kuichukua yote kwa fedha taslimu.